Wapishe Walio Nyuma

Kamwene mjukuu wangu Neema. Hapa Mlandege tupo, mguu wa mama yako umepona. Kaburi la bibi yako nimelipalilia.

Umeniuliza, kwenye gofu kundi la nyuma likiwa na haraka, kuwapisha siyo kujishusha?

Ujana wangu nilibeba mifuko ya wacheza gofu kule kwenye mashamba ya chai Mufindi. Siku moja nilimbebea fundi wa kiwandani, mtu wa kwanza wa karakana kucheza pale. Mameneja wakatufikia kwa nyuma. Mmoja akaita, "Fundi, tupishe basi."

Fundi akaninong'oneza, "Usisogee. Wanataka tuonekane hatujui."

Na mimi niliwashuku hivyohivyo. Lakini kila akitaka kupiga anageuka nyuma, mpira unaingia kwenye chai. Mwisho akachoka, akawapungia mkono, tukasimama pembeni. Wakapiga, wakapita. "Asante, fundi." Nilitega sikio nisikie wakimcheka, mpaka wakaishia bondeni. Sikusikia kitu. Fundi akapiga, mpira ukanyooka.

Wenye haraka mpaka leo siwaamini. Ndiyo maana nakwambia wapishe. Mtu ninayemshuku nataka awe mbele nimwone, siyo mgongoni kwangu.

Ni mimi babu yako.