Nyongeza Ni Neno Langu

Jumatatu, 3 Juni
Wamefungua leo, mkabala na duka langu. Supamaketi! Maputo, muziki, spika mlangoni tangu asubuhi. Mtaa mzima umehamia huko. Fundi cherehani, jirani yangu ukuta kwa ukuta, karudi na mfuko mwekundu, eti alikwenda kutazama tu. Nikamwuliza tangu lini kutazama kukafungwa kwenye mfuko. Akacheka: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni mimi — na sijaona nikipona!

Jumatano, 5 Juni
Wifi kapata kazi kwao, hapo supamaketi. Yuko kwenye mizani, anapima mchele na maharage. Kaja kunionyesha kofia yao nyekundu, anauliza kama imempendeza. Nikamwambia hatimaye sufuria imepata mfuniko. Tukacheka mpaka machozi. Alipotoka nikakaa nyuma ya magunia, roho inaniuma. Kupima nilimfundisha mimi, hapa hapa, mkono wangu juu ya wake.

Jumamosi, 8 Juni
Leo nimezipanga upya sabuni kwenye rafu. Hazikuwa zimevurugika. Nilikosa la kufanya.

Baba watoto kasema tusubiri hadi mwisho wa mwezi. Wateja wasiporudi, tunafunga, na mizani anamuuzia mwenye bucha, ambaye keshaiulizia. Halafu lawama zote kwangu! Eti nyongeza zangu ndizo zimetufikisha hapa, chovya chovya humaliza buyu la asali. Nyongeza! Ule mkono mmoja wa maharage ninaoutia sahani zikishalingana. Mjamzito namtilia. Mtoto aliyetumwa akaamkia vizuri, namtilia. Hata mmbea namtilia, apate la kusema. Bila huo mkono watu wangefuata nini kwangu, sura? Nikamwambia akitaka kuuza kitu aanze na kitanda. Kasusa chakula. Nimekula na chake.

Jumanne, 11 Juni
Wezi! Bango mlangoni pao, kubwa kuliko mlango wangu: NJOO UPATE NYONGEZA. Neno langu! Fundi cherehani kaenda kuuliza. Kumbe ununue mifuko mitatu, ndipo upewe sponji la kuoshea vyombo. Sponji! Nyongeza ya maharage ni maharage. Baba watoto kasema niachane nao, nisijitie aibu. Aibu ni yao.

Alhamisi, 13 Juni
Naandika nikiwa kwao. Ndiyo, ndani! Kwenye benchi karibu na matroli, namsubiri meneja.

Nimekuja na aproni yangu ya dukani, makusudi. Nikaomba nusu kilo ya maharage. Wifi akapima, akabandika stika. Nikasema bado, nyongeza yangu iko wapi? Akaninong'oneza: wifi, jamani, mashine haikubali, watanifukuza. Nikamwambia sisemi na wewe, nasema na bango. Kwa sauti! Foleni ikaangua kicheko. Msimamizi kaja mbio, kanikalisha hapa kama mtoto mtukutu.

Lakini foleni haijanyamaza! Mjamzito aliyekuwa nyuma yangu naye kauliza: na yangu je? Fundi cherehani — mnafiki wangu kipenzi — anapiga kaunta: nyongeza! nyongeza! Sasa wanapiga wote. Msimamizi anawaeleza habari za sponji, hakuna anayemsikiliza.

Wifi kanitazama. Namwonea huruma, haki ya Mungu. Kazi anaihitaji. Lakini kachota! Si kwa kikombe chao, kwa mkono, vidole kavikunja vile vile nilivyomfundisha. Mkono uko juu ya mizani, umefumbwa. Meneja anashuka ngazi.

Wifi, wakikufukuza, kwangu mizani bado ipo. Fungua mkono. Fungua —