Mjomba Anajua Maboksi, Hajui Sheria

Mpendwa Bi. Zamzam,

Shikamoo. Naomba unijibu kabla ya tarehe kumi na nne, maana siku hiyo mjomba wangu anarudia mtihani wa sheria, na akishindwa mara hii chuo hakitampokea tena, atarudi kuwa karani wa mahakama kama zamani, na nahofia lawama yote itaniangukia mimi.

Mimi ni msichana wa kidato cha nne, nakaa Mchafukoge na wazazi wangu pamoja na huyu mjomba, Tarsis, mdogo wake mama. Baba alipotaka niache shule baada ya darasa la saba, mjomba ndiye aliyekaa naye barazani siku nzima mpaka akakubali niendelee, kwa hiyo siwezi kumjibu ovyo.

Mwezi wa Tatu aliniomba nimtengenezee vikadi vya kujisomea kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka kuliko wake, na kwa sababu karatasi ni shida nilizunguka maduka ya Kariakoo nikiomba maboksi matupu, ya majani ya chai, ya sabuni, ya viberiti, nikayakata vipande mia moja na ishirini, kila kimoja nikakiandika swali na jibu upande wa ndani usio na rangi. Kila alasiri nilishika kikadi, maandishi yakinitazama mimi na picha ya boksi ikimtazama yeye, nikauliza, naye akajibu hata kabla sijamaliza swali.

"Wizi na unyang'anyi vina..."

"Nguvu! Mwizi anachukua, mnyang'anyi anachukua kwa nguvu au kwa vitisho. Lete kingine, mpwa wangu, hicho cha watoto."

Basi Jumamosi moja mama akawashia jiko la mkaa vikadi vyote. "Kumbe ni masomo?" akasema. "Mimi nilijua maboksi." Nililia, halafu nikamwomba mwalimu wangu mabaki ya karatasi nene nyeupe, nikaviandika upya vyote mia moja na ishirini kwa siku mbili, bila kitabu kwa kuwa vitabu mjomba alikuwa amekwenda navyo chuoni.

Jumatatu tulikuwa kwenye foleni ya sukari nje ya duka la ushirika, nikaona tusipoteze muda, nikamshikia kikadi kipya nikamuuliza lile la wizi na unyang'anyi. Mjomba akakikodolea macho. Nikarudia. Akazidi kukikodolea. Mama Mektilda, muuza vitumbua aliyekuwa nyuma yetu, akashindwa kuvumilia: "Nguvu, mheshimiwa hakimu! Hata mimi nilikuwa nakusikia dirishani kila siku!" Foleni nzima ikacheka. Mjomba akanigeukia kwa hasira: "Wizi ulikuwa mwekundu! Wewe unaniletea nyeupe tupu, nitajuaje?"

Tangu hapo ameniagiza nitafute maboksi yale yale niandike vikadi upya kama vilivyokuwa, na nimemaliza alasiri nne nikizunguka bila kufungua daftari langu hata moja, na mtihani wangu ni Novemba, na lile boksi jekundu la chai halijaonekana Kariakoo tangu Pasaka. Mzee Sadalla wa dukani ameniambia, "Binti, majani yenyewe hakuna, wewe unataka boksi?"

Nimechoka, Bi. Zamzam. Je, niendelee kutafuta, au nimwambie mjomba kwamba hajui? Na nitamwambiaje mtu aliyenitetea?

Mpwa,
Mchafukoge

Bi. Zamzam anajibu:

Marahaba, Mpwa.

Acha kutafuta. Kama unasoma haya ukiwa mlangoni kwa Mzee Sadalla, kunja gazeti uende nyumbani. Mjomba wako amesoma maboksi miezi yote hii, na msimamizi wa mtihani hatamwonyesha boksi la chai.

Na wewe usijitoe lawamani. Mtu anajibu swali kabla hujalimaliza, kila siku, kwa picha ile ile, na hukushtuka? Ulifurahi kwa sababu yeye alifurahi. Mama yako msimlaumu hata kidogo. Moto wake umewafichulia jikoni jambo ambalo mjomba angeligundua akiwa peke yake mbele ya karatasi ya mtihani.

Kumwambia ukweli mtu aliyekutetea si kumvunjia heshima. Kumwacha aende akaanguke mara ya pili ndiko kumvunjia heshima. Msubiri anywe uji, mwamkie, kisha sema moja kwa moja: "Mjomba, ulikuwa unajibu picha. Siku bado zipo." Atafoka. Mwache afoke, usilie, usiombe radhi.

Akitulia, mpe mkasi na boksi lolote, hata la rangi moja. Akate yeye. Aandike yeye, kutoka kitabuni, kwa mwandiko wake huo huo usiosomeka. Mkono wake ndio uliokosa kazi tangu mwanzo. Avichanganye kila siku kama karata. Unapomuuliza, mpeane migongo, asione kitu. Saa kumi mpaka saa kumi na nusu, basi, halafu ufungue madaftari yako. Akitaka zaidi, aende kwa Mama Mektilda, ambaye naona amesomea dirishani na kufaulu.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza. Umeandika vikadi mia moja na ishirini vya sheria bila kitabu, kwa siku mbili, na umelitaja kama mtu anayetaja kwamba amefua nguo. Nimelisoma mara tatu nikitafuta mahali unapojisifu, sikupaona, nikakasirika. Hivyo vyeupe usimpe mjomba. Vitie kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jiko la mama yako, na juu yake uandike jina lako, lile la kweli, si hili la Mpwa.

Baba yako akiuliza msichana anaweka vikadi vya sheria vya nini, mwite mjomba akae naye barazani kama alivyokaa mara ya kwanza. Hoja hiyo anaijua bila kuonyeshwa boksi.