Kisanduku cha Chumba cha Chini

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mtoto sasa anawaachia walau usingizi wa alfajiri. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu sana; anasema umlete kitukuu wake upesi, kabla meno yake mawili yaliyobaki hayajamuaga.

Baba alimaliza kitanda cha mtoto juzi. Alikiweka chumba cha chini, kando ya kitanda cha Bibi, mlikopangiwa kulala. Ndiyo sababu naandika.

Nilikueleza habari za radoni, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka kwenye miamba. Ukiivuta miaka mingi yaweza kuleta saratani ya mapafu. Mwalimu wa sayansi alitupa kila mmoja kisanduku cheusi, kidogo kama cha sabuni, tukiweke miezi mitatu katika chumba cha chini kabisa kinacholaliwa na watu, mbali na dirisha, kisha kipelekwe maabara. Bibi aliuliza kinakula nini.

Majibu yalipokuja, nyumba ya jirani yetu fundi viatu ilikuwa imezidi kiwango mara tatu. Yetu ilikuwa safi. Baba, aliyeijenga kwa mikono yake, alimtania fundi kwamba nyumba si kiatu, haishonwi kwa kubahatisha. Fundi alicheka kwa shida, akaenda kuziba nyufa za sakafu. Mimi nikasifiwa mbele ya darasa. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni haya zangu za siku zote.

Dada, sikukiweka chini. Mwalimu alikuwa amesema atapita na wenzangu kuvikusanya. Niliwaza wakiona ukuta ulioota ukungu, godoro lenye viraka, ndoo ya Bibi ya usiku. Nikakitundika sebuleni, karibu na dirisha, na kwenye fomu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: chumba cha chini. Nilimwonea aibu Bibi, aliyenifundisha kusoma humo humo chumbani.

Leo asubuhi nimemwambia Baba. Hakufoka. Alishuka, akakitazama kile kitanda kidogo kwa muda mrefu, akakibeba peke yake mpaka juu, kisha akarudi kuchukua godoro la Bibi. Bibi aliuliza amekosa nini hata ahamishwe. Ikabidi nimweleze mwenyewe, uso kwa uso. Akasema basi ndoo yake nayo ipande, sebuleni kuna nafasi ya kutosha.

Jumamosi mwalimu analeta kisanduku kingine. Nimemwomba aje na wenzangu wote. Nitawashusha chini mimi mwenyewe.

Mkija mtalala juu, pamoja na Bibi na ndoo yake. Msalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu, ukiona bado nastahili.

Ni mimi mdogo wako,
mnayeniita Profesa