Matope Yako Tumeyala Kwenye Pilau

Uru, Moshi Vijijini
1 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Justina,

Shikamoo yako ya kwenye simu Jumapili nimeiitikia, marahaba. Kifua kimeachia? Najua huko Norwe baridi imeshaanza, vaa soksi mbili na usione haya. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu linanisumbua nikiteremka tu, kupanda halina neno. Migomba imezaa vizuri na kahawa si haba.

Uliposikia sauti yangu imekauka uliniuliza kulikoni, nikakujibu ni mafua. Mafua gani! Ilikuwa hasira, na pembeni yangu alikaa Pamela, mke wa mdogo wetu Rogath, anamenya ndizi. Ndiyo maana nakuandikia, na barua nampa Sista Rachel anayesafiri kuja huko keshokutwa. Keti kwanza.

Yale matope yako hayakuibwa.

Unakumbuka mwezi wa pili ulipokuja na wenzako wa chuo, mkapanda msituni, mkazamisha mabomba kwenye kinamasi, mkayatoa yamejaa tope na kuyaziba ncha zote mbili? Mimi nilikucheka. Nikasema umesoma miaka yote hiyo uje ubebe tope! Ukanikalisha jikoni ukanieleza kwamba kila mwaka huacha tope lake juu ya la mwaka uliotangulia, wa mvua lake na wa ukame lake, na chavua ya miti iliyokufa zamani imo humo humo. Kwamba unalo tayari tope la ziwa la kule karibu na Ncha ya Kaskazini, linaloonyesha barafu ilipungua lini na ikarudi lini, na ulitaka kuliweka kando ya letu, ujue kama kule kulipopata joto huku mlima ulinyimwa mvua. Nilikuelewa vizuri sana. Bila tope letu, kazi yako ya shahada ya udaktari inasimama. Ukayaacha mabomba nyumbani kwa baba, alikorithi Rogath, mpaka kibali cha kuyasafirisha kitoke, na ukamwambia mbele yangu asiyafungue.

Mwezi wa sita Rogath akaja kusema wezi wamevunja stoo. Akalia machozi. Jumuiya nzima tukasali novena ya Mtakatifu Antoni ili mabomba yapatikane, na aliyetuongoza sala ni yeye mwenyewe, macho ameyafumba. Yesu na Maria!

Jumanne ya wiki iliyopita nikateremka korongoni kukata majani ya ng'ombe. Pale mfereji wetu unapokatika, nikaona maji yanavuka juu ya korongo ndani ya mabomba meupe, yamefungwa pamoja kwa mpira wa tairi, yanaelekea shambani kwa Rogath. Nikasogea. Kila bomba lina mshale na mwandiko wako: JUU. Yeleuwi!

Nilimkuta anapalilia. Hata hakukana. Akaniambia, dada, nilihitaji mabomba, na ndani yake mlikuwa na tope tu. Tope tu! Tope lenyewe alilimwaga kwenye matuta ya karoti, na karoti hizo ndizo alizotupikia kwenye pilau ya komunio ya binti yake Gladness. Mimi niliongeza sahani, Justina. Miaka elfu kadhaa ya mlima wetu nimeiteremsha kwa soda.

Mkono uliniwasha ila sikumpiga. Kesho yake asubuhi, watu wa zamu ya maji wote wanaona, niliyang'oa mabomba moja moja, maji yakaporomoka korongoni. Karoti zake za pili ndiyo kwanza zilikuwa zinachipua, na sasa zimekauka zote. Napita pale kila siku kuzitazama na moyo wangu unaburudika. Nitakapokwenda kuungama nitamweleza padre hivyo hivyo.

Jumamosi Rogath akaja na Baba mkubwa Primus, na kibuyu cha mbege, na jani la isale limefungwa fundo. Unajua kwetu isale ikiletwa huna ujanja, unapokea na kusamehe. Mkono sikuunyoosha. Nikasema, Baba mkubwa, nakuheshimu, lakini aliyekosewa yuko Norwe, isale hii mpelekeeni huko. Mzee akasema Yuditha ana haki. Wakaondoka na isale yao. Mbege nilibaki nayo.

Sasa Rogath anakusanya ujasiri wa kukupigia simu. Nakujua wewe, akilia kidogo tu utamwambia yameisha. Usithubutu! Akitaka msamaha asubiri uje, akuletee isale mkononi mbele ya ukoo mzima.

Na hili lisome ukiwa peke yako. Bomba moja lipo, halijafunguliwa. Lilikuwa fupi mno kuvuka korongo, akalitumia kuegemeza mlango wa banda la kuku, kisha akalisahau. Nimelitoa na kuweka gogo mahali pake. Umeliandika CHINI KABISA, nadhani ndilo lile ulilosema ni la zamani kuliko yote. Liko uvunguni mwa kitanda changu, nimelilaza na kulifunika kwa gunia lenye unyevu. Sema tu nimkabidhi nani.

Rogath hajui. Kila jioni anakuja kukaa mlangoni kwangu, ananiambia, dada, kazi yote ya Justina nimeimwaga, sikubakiza kitu. Hali vizuri, amekonda. Neno moja tu langu lingempa usingizi. Namtazama, namwongezea chai, na neno lenyewe silisemi.

Shangazi Eunike na Baba mkubwa Primus wanakusalimu sana, na Gladness pia. Pamela naye anakusalimu, yeye hana kosa. Rogath ametuma salamu zake, nimezikalia.

Mungu akutunze kwenye baridi hiyo na akufikishe mwisho wa kazi yako.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Yuditha