Bawa la Baba Neema

Jumamosi, 5 Julai
Tumepanda tena hadi shamba la nyasi la Olmotonyi na bawa lake, kindege cha foam cha kurusha kwa mkono. Baridi. Mlima Meru umejifunika mawingu. Mume wangu anasikiliza upepo, anarusha. Mimi nasimama pembeni nimwambie limefanya nini. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Fundi seremala mzima, maisha yote kapiga randa, sasa macho yake ni mimi. Jicho la kushoto presha ya macho ilishalimaliza. La kulia linaona vivuli.

Bawa limeinua pua, likasimama hewani, likaanguka chali. Kila alipolirusha. Nikamwambia. Akasema pua ni nyepesi, akaibandika udongo wa mfinyanzi kuiongezea uzito.

Jumapili, 6 Julai
Sikwenda ibadani. Nilisema kichwa kinauma. Hakikuuma. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Yeye yuko barazani na msasa. Foam tu ile, ilikuja na friji ya jirani. Haina mkia, haina mwili, bawa tupu. Anasema la namna hii halina pa kuficha kosa. Anataka alione likivuka shamba lote la nyasi kabla jicho halijazimika. Hilo tu. Hajaomba kingine.

Jumatano, 9 Julai
Kliniki. Daktari, binti mdogo, alimwamkia shikamoo kwanza ndipo akasema. Matone yaendelee, lakini tusiyategemee sana. Baba Neema akamshukuru. Akamshukuru! Mimi nilitamani kuvunja kitu.

Jumamosi, 12 Julai
Nimefanya ujinga.

Amerusha, bawa likajichimbia palepale mbele yake. Akanigeukia, uso wote unangoja. Nikasema limefika mbali. Limenyooka, limetua taratibu. Alivyofurahi! Alinishika mkono kama siku za uchumba. Nikaenda kulichukua, nikafuta pua kwa kanga. Sikufuta vizuri. Tuliporudi nyumbani Sekei akalipapasa, akakuta tope kwenye mshono. Hakupaza sauti.

"Mama Neema, mimi narekebisha kwa maneno yako. Ukinidanganya, narekebisha hewa."

Afadhali angenifokea. Nimeahidi sitarudia. Namaanisha.

Jumanne, 15 Julai
Asubuhi ameuliza mbona sijafungua mapazia. Yalikuwa wazi.

Nimeingia jikoni nikalia, kitambaa cha vyombo mdomoni asisikie. Nadhani alisikia. Baadaye akasema basi, kuliona ndiyo imeshindikana, lakini likivuka nitamsimulia, naye atakuwa amelijua. Nikasema sawa.

Alhamisi, 17 Julai
Amepunguza udongo. Amekunja ukingo wa nyuma kuelekea juu, kidogo mno, pande zote mbili, anapima kwa kidole gumba. Sijaongea naye sana. Ninaogopa nitakachosema.

Jumamosi, 19 Julai
Limeruka. Mungu wangu, limeruka.

Lilitoka mkononi mwake, likashuka kidogo, likajiweka sawa, likaenda. Likaenda! Nilikimbia nyuma ya bawa nikimpigia kelele Baba Neema: limenyooka, liko juu ya nyasi, bado liko juu, bado. Limevuka shamba zima na kugonga nguzo ya uzio wa mwisho. Tulikuwa wawili tu pale juu. Hata mchunga ng'ombe hakuwepo.

Nimemrudishia bawa, pua imepondeka. Nikamweleza yote, pumzi hainitoshi. Akapapasa pua. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa shati lisilomtosha.

"Asante, mke wangu."

Nikamwambia twende nikupeleke uishike hiyo nguzo. Akasema hapana, amechoka, na hata hivyo ningemzungusha tu, nguzo ziko nyingi. Nikaapa kwamba safari hii sidanganyi. Mtu mzima na vitenge vyangu, nimesimama katikati ya nyasi naapa kwa sauti. Akanipigapiga mgongoni. Ananibembeleza. Yeye ananibembeleza mimi!

Najichukia. Naye namchukia kidogo. Kitu alichokitaka kimetokea, na hakimo ndani yake. Kimo ndani yangu, peke yangu, na sijui pa kukipeleka.

Jumapili, 20 Julai
Tumekwenda ibada ya kwanza, wote wawili. Nilimshika mkono kwenye ngazi. Tumekunywa chai.

Sasa yuko barazani. Ameijaza pua upya na kuilainisha kwa msasa, kazi safi. Halafu ameanza kubandua udongo. Kwake yeye pua iliyopondeka maana yake bawa lilijichimbia, pua bado ni nzito. Nimemwambia aliache lilivyo, liko sawa. Akasema ndiyo mama, akaendelea kubandua.

Akaniomba nimshikie upande mmoja. Nimemshikia.

Jumamosi litaanguka. Nitamwambia limeanguka, na hapo ataniamini.