Breki ya Mbele

Kebirigo, Mei 1967

Dada Zuhura mpenzi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye milima na mvua isiyokoma. Mwili mzima, roho ndiyo imevunjika. Baiskeli niliyopewa mimi mkunga wenu ya kuwazungukia waja wazito, bado sijaimudu. Kwetu Malindi ni tambarare. Huku kila njia imesimama wima.

Jana niliitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu ng'ambo ya bonde. Kupanda niliisukuma. Kushuka, nikakamata breki ya mbele kwenye tope, ikanirusha ndani ya michai. Nikafika nachechemea, mtoto keshazaliwa, na bibi yake keshakata kitovu. Bibi akanitazama magoti.

"Sista, mtoto iko sawa. Wewe kaa chini, damu inatoka."

Akaniosha kwa maji aliyomchemshia mzazi, akanipa ndizi za kuchemsha. Nililia mbele yao, dada. Mtoto angetanguliza miguu, ingekuwaje? Niliyetumwa kuwaokoa nimekuwa mgonjwa wao. Kesho wataniita tena, na mlima ni ule ule.

Niombee. Mbusu mama mkono, lakini haya usimwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Saada