Likizo ya Kutosha

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hapa nyumbani hatujambo. Bibi anakohoa, ila nguvu za kunigombeza bado anazo. Mgongo wako unaendeleaje, au bado mnainamia cherehani huko kiwandani tangu alfajiri?

Sketi ya shule imefika. Ni nzuri, Mama, ila inaishia juu ya magoti, na mwalimu wa zamu amenirudisha nyumbani. Bibi alicheka mpaka akakaa chini: "Mama yako kamshonea mtoto aliyemwacha!"

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, nakunywa dawa naendelea. Mpe Bibi pole ya kikohozi. Jamani, hiyo sketi! Si uliniandikia umekua "kidogo"? Nikaongeza upana wa vidole viwili. Fundi wa vifungo, jirani yangu hapa kiwandani, ananicheka kutwa.

Bosi anatuletea mkataba mpya. Umeandikwa "likizo ya kutosha, baada ya muda wa kuridhisha". Tunasaini mwisho wa Machi. Basi nitakuja, usiwe na wasiwasi.

Mama yako

1 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi cha Bibi kimepungua. Mimi mzima, ila usingizi unanipaa.

Nilimpelekea mwalimu wa uraia yale maneno ya mkataba, bila kusema ni wa nani. Akauliza darasa zima: "Ya kutosha kwa nani? Na nani ataamua?" Jibu nilikuwa nalo. Mwaka jana pia bosi alikupa likizo ya kutosha. Ulifika jioni, asubuhi ukaondoka, hata nguo ulizofua hazijakauka.

Mimi sikukudanganya, Mama, niliposema nimekua "kidogo". Kwangu kilikuwa kidogo kweli. Labda na bosi hadanganyi. Ana kutosha kwake. Lakini mteja akikuambia "nishonee gauni refu kiasi," utakata kitambaa? Tafadhali mwombe aandike wiki ngapi, na mwezi gani. Nisamehe kama nimekosa adabu.

Mwanao

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Bibi hajambo, ananikataza kukimbilia dirishani kila pikipiki ikipita. Umekasirika? Au umefukuzwa kwa ajili yangu? Kama umeshasaini, sitauliza tena. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, kwa barua zote mbili. Mimi ni mzima. Sikukasirika, niliogopa.

Siku ya kusaini tulipanga foleni. Nikafika mezani na utepe wangu wa kupimia shingoni, nikauliza, "Bosi, likizo ya kutosha ni wiki ngapi?"

"Ah, mama, kwani huniamini?"

"Nakuamini, bosi. Lakini hata suti yako sikuikata kabla ya kukupima."

Fundi wa vifungo akaangua kicheko. Bosi hakucheka. Alikusanya karatasi zetu zote akaondoka nazo, tukabaki tunashona bila mkataba, na wenzangu wakaninunia, hata fundi wa vifungo. Ningekuandikia nini?

Jana karatasi zimerudi. Pale palipokuwa na "ya kutosha" pameandikwa wiki tatu, kila Agosti. Tumesaini wote.

Kitambaa cha sketi nyingine ninacho. Usinitumie vipimo. Nitakuja na utepe, nikupime mwenyewe.

Mama yako